Pete safi juu ya pete lokali: ninavyokagua kwa karatasi tu

Kile ambacho darasani hapa Lubumbashi tunakiita ano, kwa sababu ya Kifaransa, mimi nakiandika pete: seti ambamo unaweza kujumlisha, kutoa na kuzidisha. Pete ni safi ikiwa kila kipengele chake ni jumla ya idempotenti (e yenye e² = e) na kipengele chenye kinyume (kinyume cha kuzidisha: ukizidisha viwili hivyo unapata 1). Dhana hiyo ilianzishwa na Nicholson mwaka 1977. Pete lokali ni safi sikuzote: kwa kila x, ama x ina kinyume, ama x − 1 inacho, na 0 na 1 ni idempotenti. Wengi hukwama hapo hapo, wakidhani pete ya kundi R[G] (jumla za vipengele vya kundi G vilivyozidishwa kwa vipengele vya pete R) itarithi usafi wa R. Hairithi.

Nachukua namba tasa p, pete lokali Z(p), yaani sehemu zenye asili isiyogawanyika kwa p, na kundi la mzunguko Cn, lenye vipengele n: 1, g, g² na kuendelea, hadi gⁿ inarudi kuwa 1. Naondoa p yote iliyomo ndani ya n, inabaki m. Kisha naandika baki za p, p², p³ nikigawanya kwa m. Zikipitia namba zote zisizo na kigawo cha pamoja na m, pete ni safi. Zikirudi kwenye 1 mapema, si safi. Hata umeme ukikatika kazi inaendelea.

Sababu iko kwenye xᵐ − 1. Ukihesabu kwa baki za kugawanya kwa p inaweza kuvunjika vipande vingi kuliko inavyovunjika juu ya Z(p), na idempotenti za vile vipande vya ziada hazina pa kutoka huku juu.

Tazama Z(7)[C3]. Baki ya 7 kwa 3 ni 1 papo hapo, 2 haifikiwi. Kipengele kinachoharibu ni 4g − 1. Weka g = 2, kisha g = 4 (2³ na 4³ zote huacha 1 ukigawanya kwa 7, kama g³ = 1), uchukue baki za kugawanya kwa 7: unapata 0 na 1. Idempotenti ziko nne tu: 0, 1, e = (1 + g + g²)/3, na 1 − e. Kila moja ina thamani ileile kwenye 2 na kwenye 4. Ukitoa yenye thamani 0, sifuri inabaki kwenye 2. Ukitoa yenye 1, sifuri inahamia kwenye 4. Penye sifuri hakuna kinyume.

Kwa C3 hiyo hiyo, p = 5 inafaa: 2, 1. Kwa C7, 2 inakwama (2, 4, 1), lakini 3 inapita: 3, 2, 6, 4, 5, 1. C8 ndiyo kaidi: 3², 5² na 7² zote huacha 1, basi hakuna p witiri inayofaa.

Ukisahau kuondoa p, C6 na 3 itakupa 3, 3, 3 bila mwisho. m sahihi ni 2, na pete ni safi.

Ukibadilisha Z(7) kwa namba kamili za 7-adiki (namba zinazojengwa kwa baki za 7, 7², 7³ na kuendelea, zote kwa pamoja), hesabu yote hii haihitajiki: lema ya Hensel inapandisha kila kipande kutoka kwenye baki za 7 hadi kwenye namba hizo, na kundi lolote lenye ukomo na lenye kubadilishana (ab = ba) litatoa pete safi. Kundi lenye kubadilishana likiwa na kipengele kisichorudi kwenye 1 kamwe, hata ukikizidisha chenyewe mara ngapi, usijisumbue kuhesabu. Pete yake ya kundi si safi juu ya pete lokali yoyote.