Mzee aliyetembea kinyumenyume

Glavu za Juma zinanuka tena. Wenye watoto wanaocheza hoki ya barafu mnanielewa: hili si jasho la kawaida, ni jasho lililolala ndani ya begi siku tatu likaamka na hasira. Nimezitundika juu ya hita ya koridoni, sasa nyumba nzima inanuka kama gunia la omena lililonyeshewa. Na kila zikinuka hivi namkumbuka Mzee.

Mlionisoma tangu enzi za kazi ya usafi wa usiku mnamjua. Kalasinga wa Kisumu, yeye mwenyewe alijiita hivyo, aliyekuwa ananisubiri kituo cha basi ili tu aongee Kiswahili na mtu. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani. Hesabu alijumlisha bila kosa, ngeli aliwaachia wateja.

Jumapili moja ya Februari 2013 akanipigia simu: "Kijana, vaa koti mzuri. Mimi naonyesha wewe mambo mbili." Tukashukia mwisho wa Mtaa wa Denman, pale Vancouver, huku Kanada, inapoingia majini. Nikatazama. Nyasi, bata bukini na mvua iliyogandia njiani.

"Hapa," akasema, "ilikuwa uwanja."

Denman Arena, ulifunguliwa 1911, barafu yake ikitengenezwa kwa mashine kwa sababu mji huu una mvua nyingi kuliko baridi. Uliungua 1936. Na hapo ndipo alipocheza Fred Taylor, waliyemwita Cyclone, yaani Kimbunga. Mzee alinipitisha maisha ya mtu huyo mbiombio kama anayesoma daftari la madeni: kazaliwa Tara, Ontario, kaenda Houghton, Michigan, kwenye ligi ya kwanza kulipa wachezaji waziwazi, kaja Ottawa, wakatwaa Kombe la Stanley, kombe kuu la hoki, 1909, kisha kamji kadogo kanakoitwa Renfrew kakamwaga pesa kumchukua. Vancouver alifika 1912, na 1915 timu yake, Millionaires, ikaifunga Ottawa mechi tatu mfululizo ikabeba kombe.

Hayo yote niliyasikia kwa sikio moja. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Ila kilichofuata nakiona mpaka leo.

Inasemekana Taylor alipohamia Renfrew alijigamba kwamba atawafunga Ottawa huku akiteleza kinyumenyume. Mzee aliona maneno hayatoshi. Akanigeuzia mgongo wa koti lake, akashika fimbo yake kwa mikono miwili kama gongo, akapiga magoti kidogo, akaanza kurudi nyuma juu ya ile njia yenye barafu. Mtu wa miaka themanini na ushee, kilemba cha buluu, buti za mpira. "Anakuja hivi... hivi... kipa hajui..." Fimbo ikazunguka, ikapiga kokoto, kokoto ikaruka majini, naye akainua mikono juu. Mguu wa kushoto ukamtoroka. Nilimdaka kwapani. Kilemba kikanigonga puani, kikinuka mafuta ya nazi na sigara alizoapia mkewe kwamba ameacha. Akacheka hadi akakohoa. Mama mmoja mwenye mbwa akasimama kutuuliza kama tunahitaji msaada. "Bao, mama," Mzee akamjibu kwa Kiswahili. "Bao!"

Halafu tukatembea kandokando ya bahari hadi jambo la pili, na kicheko kikaisha njiani.

Ni ukuta wa kumbukumbu wa Komagata Maru, umeandikwa majina ya abiria. Meli ile ilitia nanga hapa Mei 1914 na watu 376, wengi Masingasinga wa Punjab, wote raia wa himaya ya Mwingereza sawa na wenyeji wao. Sheria ilidai kila mmoja awe amesafiri moja kwa moja kutoka nchi yake, safari ambayo hakuna kampuni ya meli iliyoifanya, na awe na dola 200 mfukoni. Walikaa majini miezi miwili. Walioruhusiwa kushuka ni dazeni mbili hivi. Tarehe 23 Julai wakafukuzwa chini ya ulinzi wa manowari, na walipofika kwao, karibu na Calcutta, risasi zikawapokea.

"Sasa uliza mimi nani alipanda ile meli kwanza-kwanza, na makaratasi."

Sikuuliza. Nilishaona jibu usoni kwake. Taylor hakuishi kwa hoki peke yake. Tangu Ottawa alikuwa mtumishi wa idara ya uhamiaji, na Vancouver alikuwa miongoni mwa maofisa waliotumwa kwenye meli ile. Baadaye akapanda cheo hadi kuwa kamishna.

Mzee akapitisha kidole juu ya majina, polepole, kama anayetafuta la mtu wake. Hakuwa na mtu humo. Babu yake alipanda meli nyingine, ya kwenda Mombasa kujenga reli, na huko Mwingereza huyohuyo hakumdai dola wala njia aliyopitia, kwa kuwa alitaka mikono.

"Renfrew alipa yeye dola 5,250," akasema. "Mechi kumi na mbili tu. Gawanya."

Nikagawanya kichwani nikakwama. Yeye alishamaliza zamani: mia nne thelathini na saba na nusu. "Mechi moja, watu wawili nashuka. Na chenji."

Nikamuuliza sasa inakuwaje kila Jumamosi anakesha na matangazo ya hoki kwa Kipunjabi, na lile jina la Kimbunga analitaja kama la mjomba wake. Akafuta fimbo kwa leso, akaiangalia ncha yake.

"Alicheza vizuri, bwana," akasema. "Alicheza vizuri sana."

Basi letu likaja.

Mzee alishatangulia, miaka sasa. Juma ana tisa, na jana kocha kawafundisha kuteleza kinyumenyume. Karudi amechubuka kidevu, anauliza nani aliyeanzisha mambo haya. Nimemsimulia Taylor mpaka pale kwenye bao. Alipouliza "Halafu?" nikamwambia akaoge kwanza.

Ameshaoga. Amekaa mezani ananisubiri.