Oktoba ya Bibi na redio yake

Chumba changu hapa Warsaw kimepakana na sebule ya mwenye nyumba, ninayemwita Bibi. Ukuta ni mwembamba, hata kikohozi chake nakijua. Kwa hiyo Oktoba ya 2025 Mashindano ya Chopin, ya wapiga piano wanaopiga kazi za mtunzi huyo wa Poland, sikuyafuata mimi, yalinifuata kitandani.

Huja kila baada ya miaka mitano, na yakija mji huu unakuwa kama Dar siku ya Simba na Yanga. Nani kaonewa, jaji gani hana masikio. Bibi, aliyeshavuka themanini, alikuwa na daftari lake: jina, nchi, maksi anazotoa mwenyewe, na pembeni maneno ambayo siyaandiki hapa.

Mimi muziki wangu ni kinanda cha kwaya, Tanga. Hawa wanapiga Chopin tu, mwanzo hadi mwisho. Fainali kila mmoja anapiga konserto, yaani kipande kirefu cha piano na okestra, na Chopin aliacha mbili tu, sasa hebu fikiria. Usiku wa kwanza nilidhani redio imeganda. Usiku wa pili nikaanza kusikia. Katika ile konserto ya E ndogo (E minor) okestra inakusubirisha dakika kama nne kabla piano haijaingia. Mmoja aliingia kama mgeni anayejua kachelewa. Aliyemfuata aliingia kama mtu aliyekuja kudai deni. Bibi akagonga ukuta: umesikia? Nami nikagonga.

Tarehe 17 hawapigi, ndiyo siku aliyofariki, mwaka 1849. Asubuhi nikamshika Bibi mkono hadi Kanisa la Msalaba Mtakatifu. Mwili wa Chopin uko Paris, lakini moyo umo humu, ndani ya nguzo. Dada yake Ludwika aliuleta kwa kificho. Kwenye jiwe pameandikwa Mathayo 6:21. Nikawa nasoma Kipolandi kwa kudonoa, na kabla sijafika mwisho mdomo ukamalizia wenyewe kwa Kiswahili: hazina yako ilipo, ndipo utakapokuwapo na moyo wako. Bibi akataka nirudie. Nikarudia mara tatu, watu wanatuangalia.

Matokeo yalitoka usiku wa manane kuamkia tarehe 21. Mshindi: Eric Lu wa Marekani, aliyekuwa wa nne hapa hapa mwaka 2015. Piotr Alexewicz, mtoto wa nyumbani ambaye Bibi alimpigia mistari miwili kwenye daftari, akagawana nafasi ya tano na Vincent Ong wa Malaysia. Mpolandi wa mwisho kushinda ni Rafał Blechacz, 2005. Nilingoja matusi. Nikasikia redio inazimwa, tik, mara ya kwanza kwa karibu wiki tatu, na kimya kile ndicho kilichoninyima usingizi.

Saa nne asubuhi ukuta ukagongwa. Marudio yalikuwa yanaanza, na Bibi alitaka nimletee kalamu, yake imeisha wino.