Picha za ngoma Bagamoyo: anza na maji, nguo baadaye

Wanaopanga kupiga picha za ngoma ufukweni Bagamoyo huanza na sare, wakabishana wiki nzima juu ya kanga. Cha kwanza ni maji. Ufuko wa hapa ni tambarare: maji yakipwa huenda mbali na kuacha tope laini ambalo mchezaji akiruka huzama hadi kwenye kifundo cha mguu. Yakijaa, unabaki na ukanda mwembamba wa mchanga mkavu, na mchanga mkavu hula nguvu yote ya kuruka. Kinachotakiwa ni mchanga ulioachwa na maji sasa hivi. Huo ni mgumu, unang'aa, na kivuli cha mchezaji hulala ndani yake kama kwenye kioo.

Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na kupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi. Jua likichomoza, kati ya saa 11:50 alfajiri na saa 12:35 asubuhi kulingana na majira ya mwaka, maji yanaondoka na kukuachia uwanja. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume: saa hiyo hiyo maji yanakuja, na kila mkishapanga mstari inabidi mhamishe ngoma. Nyakati hizi husogea kwa wastani wa dakika 50 kila siku, kwa hiyo hesabu ya wiki iliyopita haikufai kitu. Jedwali la maji lipo kwenye simu, lakini muulize pia mvuvi. Yeye atakwambia na tope limelala upande gani.

Kwa nini asubuhi? Kwa sababu hapa jua linatoka baharini na kuzama nyuma ya mji. Anayepeleka kikundi ufukweni saa 12 jioni akitarajia bahari ya dhahabu atakuta kivuli cha minazi na bahari ya kijivu. Jioni ni ya mjini, kwenye kuta za matumbawe na milango ya nakshi inayotazama magharibi. Na usiahidi mtu maji ya buluu ya kwenye kadi za posta. Mto Ruvu unamwaga tope lake kaskazini ya mji, na maji ya hapa mara nyingi yana rangi ya chai ya maziwa. Nguo nyekundu, ya manjano au ya chungwa hukaa vizuri mbele yake. Kaniki mbele ya ngalawa iliyopakwa lami hupotea kabisa.

Kanga mpya ina wanga wa kiwandani. Ukiivaa ilivyo, mchezaji akizunguka inasimama kama boksi badala ya kupepea, na jasho likianza rangi inaweza kuhamia kwenye fulana nyeupe. Ifue mara mbili. Kibwebwe kikazwe mchezaji akiwa amechuchumaa kidogo, magoti yamekunjwa. Kikikazwa amesimama wima, hulegea mara tu kiuno kinapoanza kazi. Pini ipite kwenye tabaka zote mbili, ilale kimlalo, kufuli liangalie nje. Kwa kikundi cha watu sita beba pini 20, sindano mbili, uzi mweusi na mweupe. Kila mmoja avae bukta ya rangi ya nguo yake ndani, maana kamera inayopiga kutoka chini haina adabu. Saa za mkononi na simu za kiunoni zibaki kwenye mkoba. Mafuta ya nazi yapakwe kidogo tu, mabegani na kwenye miundi. Yakizidi, mchanga unaganda, na viganja vyenye mafuta havishiki jembe la kuchezea.

Sasa ngoma yenyewe. Wapo wanaosema picha haina sauti, basi wapigaji waigize tu. Usikubali. Mwili usiosikia mdundo hudanganya, na uongo huo huonekana begani na shingoni kabla ya popote pengine. Unyevu wa alfajiri hulegeza ngozi, hivyo wapigaji wafike nusu saa mapema, wakoke moto wa makuti makavu mahali palipokingwa upepo na kuzipasha ngoma kwa kuzizungusha. Ngozi ikae mbali na mwali kiasi cha urefu wa mkono. Ikisogezwa karibu kwa haraka, hupasuka ukingoni.

Mpiga picha naye aijue ngoma anayoipiga. TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, inafundisha ngoma za nchi nzima, ndiyo maana Bagamoyo unaweza kukutana na ngoma za pande zote. Sindimba ya Wamakonde ni ya kiuno; ukiipiga kwa mbele unapata watu waliosimama tu, kwa hiyo piga goti na uipige kwa ubavuni. Kwenye bugobogobo ya Wasukuma majembe hurushwa na kuzungushwa: acha mita mbili na nusu kati ya mchezaji na mchezaji, kagua mpini wa kila jembe, na usikae mbele ya mrushaji hata kama picha inaonekana tamu kutoka pale. Msewe ya Pemba iko miguuni, kwenye vinavyolia vilivyofungwa vifundoni. Ukikata miguu umeikata ngoma.

Kasi ya shata iwe 1/1000 ya sekunde kwa mruko, 1/500 kwa mzunguko. Ukitaka kanga ivute moshi, shuka hadi 1/30 na uweke kamera kwenye stendi. Mbingu ikiwa nyuma, kamera huona mwanga mwingi na kuzifanya nyuso nyeusi tii; ongeza mwanga kwa hatua moja hivi, mbingu iungue kidogo, si dhambi. Juu kabisa ya mruko mwili hutulia kwa kitambo kidogo, na hapo ndipo pa kubonyeza, ila kidole kianze kabla. Jifunze kuhesabu mdundo pamoja na wachezaji; kufuatisha kwa macho ni kuchelewa. Kwa simu, futa lenzi, shikilia kidole kwenye uso wa mchezaji hadi fokasi ifunge, kisha piga mfululizo. Kamera iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi itaota ukungu ikitoka nje, kwa hiyo iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa kabla ya kuifungua. Kubadilisha lenzi ufukweni ni kuualika mchanga.

Uwanja wa mita nane kwa tano upitiwe kwa reki kutafuta makombe, vioo na ndoana. Dakika 15 za kupasha mwili, kisha mruko mmoja usirudiwe zaidi ya mara sita bila mapumziko. Baada ya hapo picha haziwi bora tena, na kifundo kinaanza kuteguka.

Kuhusu ruhusa: magofu ya kale ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13, ni eneo la makaburi na watu bado huja kuomba dua, kwa hiyo zungumza na ofisi ya pale siku moja kabla na usimpandishe mtu juu ya ukuta. Droni inahitaji kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Soko la samaki lina wenyewe, omba kwanza.

Mkimaliza, njuga zisuuzwe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, siku hiyo hiyo, kabla chumvi haijaanza kula chuma, zianikwe kivulini. Ngoma zisiachwe nyuma ya gari juani.