Miti haipigi kura: Jumatano yangu kwenye dawati la Hansard

Saa kumi alfajiri. Daku ni wali wa jana na chai. Nikirudi kitandani sitaamka, kwa hivyo napiga pasi buibui na kusubiri kupambazuke. Ni Ramadhani, ni Machi, joto la kaskazi halijakatika, na leo ni Jumatano. Jumatano bunge letu la kaunti huketi mara mbili.

Saa mbili niko kazini. Shangazi yangu huwaambia majirani kwamba mimi ni "mtu wa bungeni", nao huniletea vyeti vya watoto wao niwatafutie kazi. Kazi yenyewe ni hii: kila neno linalotamkwa ukumbini, mimi na wenzangu watano tunaliandika kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za bunge. Kaunti 47 za Kenya zilipoanza kazi mwaka 2013, kila moja ilipata bunge lake, na kila bunge likahitaji watu wa kukaa na hedifoni masikioni. Wengi hudhani siku hizi kompyuta inajiandikia. Nawakaribisha wailete hapa, wamsikilizishe mheshimiwa anayeanza kwa Kiingereza, akachanganya Kiswahili, kisha akamalizia kwa methali ya Kigiriama.

Saa tatu mpaka adhuhuri: maombi, siwa, maswali kuhusu zahanati isiyo na dawa. Zamu za dakika kumi kumi. Hakuna la kusimulia.

Saa nane na nusu ndipo siku ilipoanza hasa. Mezani kulikuwa na waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti. Kwa sheria huletwa bungeni kabla ya tarehe 28 Februari kuisha, na bunge lina siku 14 za kuupitia. Wananchi hungoja bajeti ya Juni wakaanza kupiga kelele, ilhali ni humu ndani ya waraka huu ambamo kila idara inapangiwa ukomo wake wa matumizi. Ukikosa hapa, Juni utapata makombo.

Vita vya mwaka huu vilikuwa juu ya hazina ya mabadiliko ya tabianchi. Makueni ndio waliotangulia kuwa nayo, 2015, na Wajir wakaifuata 2016 kwa sheria inayotenga asilimia 2 ya bajeti ya maendeleo. Sasa kuna FLLoCA, mpango wa kufadhili kazi za tabianchi zinazoongozwa na wananchi mashinani, Benki ya Dunia ikiwa miongoni mwa wafadhili, na sharti lake mojawapo ni kaunti iweke kwanza fedha zake yenyewe. Kamati za wadi ndizo zinazosema wanataka nini, kama ni bwawa, kisima au miche ya mikoko. Kaunti ikipunguza chake, cha mfadhili nacho kinaingia mashakani.

Mwakilishi wadi mmoja akasimama na pendekezo la kupunguza fungu hilo, tofauti iende kwenye barabara za wadi. Hata hajafika mbali, hoja ya nidhamu: Kanuni za Kudumu zinataka mtu amalize kwa lugha aliyoanzia, naye amekwisha kutumia tatu. Wakabishana lugha mpaka zamu yangu nzima ikaisha, na ubishi huo wote ni wa kuandikwa. Aliporuhusiwa kuendelea, akasema: "Mheshimiwa Spika, miti haipigi kura." Ukumbi ukaangua kicheko.

Mama mmoja, mjumbe mteule, hakucheka. Aliuliza barabara ya wadi ya mwenzake, iliyochukuliwa na mvua za Novemba 2023, imejengwa mara ngapi tangu hapo, na kwa nini hakuna aliyeona haja ya kushughulikia mlima ulionyolewa miti juu yake. Alizungumza dakika nne. Ndizo dakika nne pekee za siku hiyo nilizoandika bila kurudisha nyuma sauti.

Kisha watu wakaanza kunyata kwenda kufuturu. Theluthi moja ya wajumbe, inayotakiwa ili kikao kiendelee, haikupatikana, kengele ikapigwa ikaninyoosha ubongo, wakarudishwa wakinung'unika. Pendekezo likaanguka kwa sauti za "la".

Wao wakaenda. Sisi ndio kwanza. Dakika kumi za sauti hunichukua saa nzima, na ukiwa na kiu ni zaidi. Mhariri alinirudishia ukurasa, amepiga mstari mwekundu: "Umerudia neno." Nilikuwa nimeandika "wadi hazina hazina". Tulisikiliza pamoja mara tatu. Ni kweli, wadi hazina hazina. Mstari ukafutwa.

Ikibaki kama robo saa kabla ya magharibi, mlango ukafunguliwa. Msaidizi wa mheshimiwa wa miti. Nikamwambia haiwezekani. Akatoka, akaja mwenyewe.

"Dadangu, lile neno la miti. Liondoe tu."

"Mheshimiwa, sisi tunanyoosha sarufi. Maana hatugusi. Kufuta ni amri ya Spika, tena ukumbini."

"Basi andika 'miti pia inahitaji kura zetu'. Ndivyo nilivyomaanisha."

Akavuta kiti. Akaeleza kwamba kuna mtu amekwisha kusambaza kipande hicho kwenye vikundi vya WhatsApp vya wadi yake. Akauliza nimeajiriwa na nani. Akapiga simu, haikupokewa, akapiga tena. Mdomo wangu ulikuwa umekauka kama gunzi na nilikuwa nikihesabu dakika. Mwishowe nikamvalisha hedifoni na kumwekea sauti. Akasikiliza maneno yake akiwa amekunja uso, na kicheko cha ukumbi kilipofika, naye akacheka. Akajizuia upesi.

Adhana ikalia. Nikafungua kikopo cha tende, nikamsogezea kwa sababu alikuwa palepale, na mtu hali mbele ya mtu. Hakuwa amefunga. Alikula nne kati ya saba. Akaondoka akisema kesho atamwona karani.

Nyumbani mume wangu alikuwa ameniwekea uji na kaimati zilizokwisha kupoa. Niliingia saa nne usiku. Neno la mheshimiwa liko ukurasa wa kumi na nane, na mbele yake nimeandika, kama ilivyo desturi: (Kicheko).