Maneno 12 yapo, picha haipo

Dogo kanigongea saa nne usiku, simu mkononi, hata shikamoo hakumaliza. "Bro, picha yangu haipo." Picha yenyewe ni ile NFT yake (picha ya mtandaoni ambayo umiliki wake unaandikwa kwenye blokcheini, daftari la pamoja la miamala) ya mjusi kavaa kofia, kainunua kwa hela ya pikipiki aliyouza (nilimkataza, basi tu). Nikamuuliza umempa nani yale maneno 12 ya siri yanayofungua waleti yake, pochi ya mtandaoni inayotunza picha na sarafu, akaapa hajampa mtu, kayaandika kwenye daftari na daftari lipo kabatini kwa mama. Tukaenda, kweli tukalikuta.

Ndo tukaanza kurudi nyuma. Mchana kaona linki kwenye grupu la Telegram, eti wenye mijusi wanagawiwa mingine bure, kafungua, kaunganisha waleti, kikaja kile kidirisha cha kusaini kina maandishi marefu kama mkataba wa mkopo, kabonyeza. "Haikukata hata senti ya gesi, ile ada ya muamala, nikajua ni kulogin tu."

Hapo ndo walipompatia. Saini ile haina gesi kwa sababu haiendi kwenye blokcheini muda huo, anabaki nayo uliyemsainia. Na dogo alishawahi kuiweka picha sokoni, kwa hiyo mkataba wa soko (ile programu inayoendesha mauzo) ulikuwa na ruhusa ya kuhamisha mijusi yake yote tangu siku ile, mwizi alikuwa anasubiri tu saini inayosema nauza kwa bei sifuri. Gesi kalipa mwizi mwenyewe, tena bila kinyongo.

Msimcheke lakini. Februari 2022 watumiaji 17 wa OpenSea, soko la NFT, walilizwa kwa saini hizihizi, kwenye waleti ya mwizi ikaonekana ETH (sarafu ya Ethereum) ya kama dola milioni 1.7, na wale hawakuwa washamba.

Mi nina waleti mbili, moja ya kununulia, nyingine ya kutunzia na hiyo haijawahi kugusa saiti yoyote. Halafu ile disconnect, kutenganisha waleti na saiti, haifuti ruhusa jamani! Unaifuta kwenye saiti ya revoke.cash au Etherscan, inakula gesi kidogo. Hata kidude cha Ledger, kile cha kutunzia funguo za waleti nje ya mtandao, hakikusaidii kama unasaini usichokisoma.

Usiku ule tukafuta ruhusa zote zilizobaki, dogo analalamikia gesi. Asubuhi nikaingia WhatsApp, profile yake bado mjusi.