Mshale wa kwenye mfuniko

"Mshale uko 180, shemeji, kuku ameshaiva. Hayo maji ya barafu ya nini tena?"

Wiki hii mdogo wangu kajifungua salama, kazini nimehamishiwa idara nyingine, lakini kinachonizunguka kichwani ni swali hilo la shemeji yangu, tukichoma kuku kwenye jiko la mkaa lenye mfuniko, na wote walivyocheka.

Mshale ule, wa themomita iliyofungwa kwenye mfuniko, unapima hewa ya chini ya mfuniko. Nyama iko chini zaidi, wavuni, na makaa yakiwa upande mmoja tofauti inaweza kufika nyuzi 20 au 30, kuzidi au kupungua. Ukitaka joto la pale ilipo nyama, weka kipimo sentimita 2 au 3 juu ya wavu, na kiwe sentimita 5 hivi kutoka kwenye nyama, maana nyama mbichi hupoza hewa iliyo karibu nayo.

Na hata 180 ya kweli ni joto la jiko tu. Kuku ameiva pale sindano ya themomita ya nyama inaposoma 74 ndani ya paja, penye mnofu mnene, bila kugusa mfupa. Izamishe, kisha ivute polepole huku ukitazama namba: ile ya chini kabisa ndiyo jibu. Themomita ya mshale hupima sehemu ndefu ya sindano, si ncha peke yake, kwa hiyo kwenye kipande chembamba nusu yake inapima hewa.

Maji ya barafu ni ya kuikagua hiyo sindano. Jaza glasi barafu iliyopondwa hadi juu, ndipo umimine maji baridi yazibe nafasi. Wengi hujaza maji na kutia vipande vitatu tu vya barafu vielee juu. Chini kunabaki nyuzi 3 au 4, lawama inaangukia themomita. Koroga, subiri dakika mbili, shikilia ncha katikati isiguse glasi. Isome 0.

Hayo yote nilitaka kumjibu palepale.

Jana usiku akanitumia picha: kafungua kipimo cha mfuniko, kakitumbukiza kwenye maji yanayotokota. 118. "Shemeji, kimezidi 18?" Nilifurahi mno! Cha mfuniko hukaguliwa hivyo, kwa kuwa namba zake mara nyingi zinaanzia juu sana kwa barafu. Ila maji huchemka kwa 100 usawa wa bahari tu; kila mita 300 za kupanda hupunguza nyuzi 1 hivi. Anakoishi ni kama mita 1500, kwa hiyo 95. Kimezidi 23. Nikamwambia atazame nyuma: kama kuna nati, aishike kwa spana na kuzungusha uso hadi mshale ukae kwenye 95, kipimo kikiwa bado majini. Kama hakuna, aandike tofauti kwa kalamu ya wino usiofutika.