Jumamosi juu ya Longonot

Watu wa Nairobi tukitajiwa volkano, mawazo hukimbilia Goma, kwenye Nyiragongo, iliyomwaga lava tena Mei 2021 na kuwatimua watu majumbani. Mlima Longonot, volkano yetu ya karibu, tumeugeuza mahali pa kupigia picha.

Juzi Jumamosi nilipanda na mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili asiyekubali kitu hadi akione. Tuliteremka kwa barabara ya Mai Mahiu, tukafika langoni jua bado la huruma. Njia ya kwenda ukingoni si ndefu, lakini ina miinuko ya kukata pumzi. Ardhi yenyewe ni jivu jepesi la volkano, na mvua imelichimba mifereji ya kina kirefu. Ukipiga hatua, vumbi latifuka hadi puani. Mpwa wangu akaokota jiwe lililojaa vitundu, akashangaa lilivyo jepesi. Nikamweleza kuwa gesi ilinaswa humo lilipokuwa likipoa. Akalirudisha chini, maana vitu vya hifadhi havibebwi.

"Anti, mbona inaitwa volkano na haitoi moto?"

Tulipofika ukingoni akanyamaza mwenyewe. Ndani ya kreta kuna msitu mzima, na kwenye kuta zake mvuke unafuka hapa na pale. Inadhaniwa mlima huu ulilipuka mara ya mwisho miaka ya 1860. Kinachonisisimua zaidi ni cha juzi juzi: kati ya 2004 na 2006, vipimo vya setilaiti vilionyesha ardhi yake ikiinuka kama sentimita 9. Sisi huku mjini tulikuwa tukigombania matatu kama kawaida.

Kileleni, mita 2,776, Ziwa Naivasha lote liko chini yako. Ng'ambo kule kuna mvuke mwingine, wa mitambo ya Olkaria, jirani na Hell's Gate. Joto la chini ya Bonde la Ufa limekuwa likizalisha umeme pale tangu 1981, na leo zaidi ya thuluthi moja ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini. Kwangu mimi, hilo lilistahili kupanda kuliko picha zote.

"Kwa hivyo stima ya kwetu Umoja inatoka huku?"

"Sehemu yake."

"Basi ikipotea tena, mlima hauna makosa."

Sasa anataka twende Suswa, volkano nyingine ya Bonde la Ufa. Nimemwambia magoti yangu yapone kwanza.